Gramu Thelathini za Jasho

Katika nchi yetu udanganyifu umekwisha kabisa. Amesema Waziri, na magazeti mawili yamemwamini. Umebaki udanganyifu mmoja tu, nao ni wangu mimi, nitauungama huko mbele, msinikimbize. Jina la nchi sitalitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kila nikilitaja mbele ya watu wa nchi nyingine wanashtuka na kusema, "Ala, kumbe hata nyinyi?" Basi yaishe, kila mtu aweke jina la nchi anayoijua.

Mimi ni karani. Naitwa Tindwa, na kwa miaka kumi na tisa nimekaa dirisha namba tatu, tawi la Kata ya Mabatini, Wizara ya Huruma na Udhibiti wa Huruma. Zamani tuliitwa Wizara ya Huruma tu, lakini wakubwa wakaona huruma ikiachwa peke yake inazurura. Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Mjane, mzee, mgonjwa, aliyeunguliwa na nyumba, anakuja Ijumaa na kadi yake, nagonga mhuri, anapewa unga kilo tatu kwa kila mdomo ulioandikwa kwenye kadi, anakwenda zake kupika. Sijawahi kuona mtu akijenga ghorofa kwa kilo tatu za unga. Lakini mimi ni karani, mambo ya uchumi siyajui.

Wanaoyajua walikutana hotelini.

Mkutano wenyewe uliitwa Warsha ya Kitaifa ya Kupiga Vita Tabia ya Kupewa. Ulichukua siku tisa. Kila mjumbe alipewa mkoba, fulana, kalamu, mwavuli, hela ya kula ingawa chakula kilikuwepo, hela ya kulala ingawa walilala palepale, na nauli ya kutoka chumbani hadi ukumbini. Mimi nilipelekwa kubeba mabango, kwa hiyo niliyaona haya kwa macho yangu. Kiyoyozi kilipuliza mpaka katibu wa kikao akaomba blanketi. Akapewa, na blanketi likaandikwa "vifaa vya warsha".

Siku ya nne, mtaalamu aliyekodiwa kutoka mbali akasoma utafiti wake. Alikuwa amepita mitaa ya maskini mara mbili, saa saba mchana, ndani ya gari lililofungwa vioo, na mara zote mbili aliwaona wamekaa kivulini. Hitimisho lake lilikuwa na kurasa tisini, ila kwa ufupi lilisema: maskini wanakaa. Ukumbi mzima ukaguna kwa uchungu. Watu mia mbili waliguna, wote wamekaa.

Ndipo akasimama Mheshimiwa Burhani Mteremko, Waziri wetu. Mtu wa kimo, suti inamkaa, na mfukoni mwa koti leso nyeupe imekunjwa pembe tatu. Dereva wake aliwahi kuniambia kwamba leso ile imeshonewa humohumo, haitoki.

"Ndugu wajumbe!" akanguruma. "Wahenga wetu, ambao hawakwenda shule lakini walikuwa na akili kama mimi, walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maskini wa nchi hii ni mgeni mezani kwa Serikali. Amekula siku ya kwanza, tukanyamaza. Amekula siku ya pili, tukanyamaza. Leo ni siku ya tatu!"

Makofi.

"Mtaniuliza, Mheshimiwa, majembe yako wapi? Majembe hatuna. Bajeti ya majembe imeishia kwenye warsha hii. Lakini ndugu zangu, kama jembe hatuna, jasho la jembe tunaweza kulidai!"

Makofi mpaka mwavuli wa mtu ukafunguka wenyewe.

Mpango ukasomwa. Kila kaya inayopokea unga itapewa kitambaa kimoja cheupe, pamba tupu, chenye mhuri wa Wizara kwenye pembe. Wiki nzima watu wa kaya hiyo watajifutia jasho la kazi kwa kitambaa hicho. Ijumaa watakileta, kitapimwa kwenye mzani wa sonara. Kikizidi uzito wake wa kawaida kwa gramu thelathini, kaya inapata unga na kitambaa chake inarudi nacho. Kisipozidi, inarudi na kitambaa peke yake. Ijumaa tatu za kukosa, jina linafutwa. Msiniulize jasho la Jumamosi linakaaje mbichi mpaka Ijumaa. Mimi niliuliza, nikaambiwa nijihadhari na tabia ya kuuliza.

Mjumbe mmoja wa viti vya nyuma akanyosha mkono. "Mheshimiwa, na hizo kazi za kutokea jasho, ziko wapi?"

"Swali zuri sana," akasema Waziri. "Liko chini ya wizara nyingine."

*

Ijumaa ya kwanza nilifika ofisini nikadhani kuna vita. Barabara yote ya kuja tawini ilikuwa imejaa wazee wanakimbia. Mama mmoja alikuwa anaruka kamba kwenye lango. Mwingine amekuja na kinu na mchi, anatwanga kwa nguvu zake zote, na nilipochungulia ndani ya kinu sikuona hata punje. Kitupu! Alikuwa anatwanga hewa apate gramu thelathini za kununulia kitu cha kutwanga. Bango langu lile la hotelini lilikuwa limeshatundikwa mlangoni: JASHO NDIYO KADI YAKO.

Saa nne akafika Bi Nyamizi.

Huyu mama nimemjua miaka. Anakaa nyuma ya soko la Mabatini, na mume wake ni Mzee Lubango, aliyekuwa mpasua kokoto. Kokoto za jengo letu hili la Wizara alizipasua yeye na wenzake, miezi kumi na minne, kwa nyundo ya mkono. Mgongo ukamwachia kazini. Mwaka wa pili huo alikuwa hainuki kitandani, hatafuni, anachomeza ni uji tu. Kwa hiyo unga wetu kwa Bi Nyamizi haukuwa habari ya shibe. Ulikuwa ndio mzee mwenyewe. Mchana kutwa mama yule anamgeuza, anamwogesha, anamlisha kwa kijiko, anafua mashuka, anachota maji bomba la mtaa wa tatu, na mzee mwenyewe ingawa amekonda si mwepesi, mifupa ya mpasua mawe haipungui.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hiki hapa kitambaa chenu. Ahsanteni sana."

Akakitoa kwenye mfuko wa nailoni. Jamani! Kilikuwa cheupe kuliko tulivyompa. Amekifua, amekitia buluu, amekipiga pasi ya mkaa, amekikunja mara nne, kinanukia sabuni mpaka dirisha namba tano. Nikakiweka kwenye mzani. Mzani ukashuka chini ya sifuri kwa gramu mbili, maana hata wanga wa kiwandani ulikuwa umetoka.

"Bibi," nikasema, "hukujifutia?"

"Nimejifutia wiki nzima. Mzee si unamjua."

"Sasa jasho liko wapi?"

"Si nimekifua!"

"Umekifua kwa nini?"

Akaniangalia kama nimemtukania mama yake. "Kitu cha watu umeazimwa, unakirudisha kichafu? Nyinyi kwenu mkiazima sufuria mnairudisha na ukoko?"

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini.

"Bibi, Serikali inalitaka hilo jasho. Inataka ione umefanya kazi."

"Serikali nzima ikae inanusa kwapa langu? Toba! Mwanangu, mimi nimelelewa."

Nikaandika: *Kaya ya Lubango, pungufu ya sifuri, mara ya kwanza.* Akaenda bila unga. Nilimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu dozi ya dawa: Ijumaa ijayo usikifue, bibi, hata kama kinakuudhi. Akaitikia. Ijumaa iliyofuata akaja kichwa kimeinama.

"Nilijaribu, mwanangu. Nimekaa nacho mpaka jana alasiri. Halafu nikasema, kesho mwanamume mzima, mtoto wa watu, ataweka pua yake hapa kwa sababu yangu. Nikashindwa. Nikakifua."

*

Wakati Bi Nyamizi anafua, wenzake walikuwa wanasonga mbele.

Kulikuwa na kijana mmoja, Chande, mwenye banda la kunyanyua vyuma karibu na stendi. Vijana wake wanatokwa jasho kutwa, na hapo zamani lilikuwa linapotelea sakafuni. Chande akatandika turubai chini. Kufika wiki ya pili alikuwa anauza jasho kwa kijiko cha chai, na jasho la asubuhi lina bei yake, lile zito la jioni lina bei yake. Maskini wasio na cha kumlipa walijaribu maji ya chumvi. Wizara ikagundua. Ikawa kelele: udanganyifu! Taifa linaibiwa! Waziri akatoa machozi ndani ya redio, kwa maelezo ya mtangazaji, kwa kuwa sisi hatukumwona.

Ndipo walipoajiriwa Waonja Jasho.

Kwetu akaletwa Bwana Mkwaju. Mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni, na ana cheti cha mafunzo ya siku tatu, hotelini tena. Alikuwa na kijiti cha pamba. Anagusa kitambaa, anagusa ulimi, anafumba macho, anatoa hukumu. "Hili la kukimbia. Hili la pilipili, ondoka hapa. Hili la hofu, halihesabiwi." Alijivuna kwamba ulimi wake haujawahi kukosea, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu mwingine nani angeonja?

Kisha ikatangazwa Siku ya Jasho Kitaifa, viongozi waoneshe mfano uwanjani kwa vitambaa vyao wenyewe. Siku moja kabla, lori la Wizara lilisimama nje ya banda la Chande likapakia vitambaa mia mbili vimelowa. Mimi ndiye niliyetia saini ya kupokea, nikaandika "vifaa vya hamasa". Siku yenyewe kitambaa cha Waziri kikapimwa mbele ya wananchi: gramu mia mbili na kumi! Bwana Mkwaju akaitwa jukwaani aonje. Akaonja. Akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida.

"Hili," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "ni la uongozi."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Chande alikaa mstari wa mbele, akapewa cheti cha Mtokwa Jasho Bora na zabuni ya miaka mitatu. Mlipuaji wa fataki naye alilipwa. Hakuna aliyeonewa siku ile.

Ijumaa ya tatu akaja Bi Nyamizi, safari hii uso umechangamka. "Leo sikukifua, mwanangu."

Moyo wangu ukatua. "Afadhali, bibi!"

"Nimekisuuza tu."

*

Jina la kaya ya Lubango likafutwa. Sheria ilimpa siku kumi na nne za kukata rufaa, na kwa wenye mgonjwa wa kitandani ilikuwepo Fomu ya Udhaifu, ambayo ikipita kaya inasamehewa jasho kabisa. Nilimpa fomu kwa mkono wangu. Kwenye kifungu cha mwisho iliandikwa kwamba lazima mgonjwa ailete mwenyewe.

Jumanne mchana nilisikia magurudumu yanakwaruza changarawe nje. Nikachungulia. Bi Nyamizi alikuwa ameazima mkokoteni wa mchuuzi wa viazi, amemlaza Mzee Lubango ndani yake juu ya godoro, amemsukuma kutoka nyuma ya soko, kapanda naye kilima chote cha Mabatini. Kanga yake ilikuwa imelowa kama aliyetoka mtoni. Jasho linamtiririka usoni, shingoni, linadondoka kwenye viwiko. Anajifuta kwa pindo la kanga, halijakauka anajifuta tena.

Mzee alikuwa anautazama ukuta wa ofisi yetu. "Nyamizi," akasema kwa sauti ndogo, "hizi ni zangu. Ona hizi kubwa za chini. Hizi ni zangu kabisa."

"Ndiyo, baba. Pumzika."

Bwana Mkwaju akatoka, akaisoma fomu nje ndani, akaurudia mstari wa juu kwa kidole. "Inasema hapa: mgonjwa asiyeweza kufika ofisini. Huyu amefika."

"Ameletwa, mwanangu."

"Amefika."

"Na nisingemleta?"

"Isingethibitika."

Bi Nyamizi akaipokea fomu, akaigeuza nyuma na mbele. Alikuwa anatafuta kosa liko wapi, na kwa kuwa ni mtu wa adabu alianza kulitafuta kwake. Kisha akasema, "Basi nipimeni mimi. Sasa hivi. Mnaniona, naloa. Mmekuwa mnalitaka jasho wiki tatu, leo lipo, chukueni."

Bwana Mkwaju akasogea karibu, akamkagua usoni kwa macho ya mtu anayeijua kazi yake. "Naliona. Ni zuri sana hilo, bibi, sikufichi. Lakini liko kwenye kanga. Kanga haina mhuri."

"Kitambaa kiko nyumbani sandukuni. Nipeni kingine."

"Kaya moja, kitambaa kimoja."

"Sasa nifanyeje?"

"Lifikishe nyumbani," akasema Bwana Mkwaju, na kusema kweli hakusema kwa ubaya.

Bi Nyamizi akageuka akaniangalia mimi.

Chini ya meza yangu, hapa magotini, kulikuwa na sanduku la vitambaa vipya mia nne, vyote vina mhuri. Kunyosha mkono tu. Mama yule hakujua, ila mimi nilijua. Nilikuwa nimebakiza miaka sita nistaafu, na nikaanza kupiga mistari kwa rula kwenye daftari ambalo tayari lilikuwa na mistari. Niliona haya siku ile na naona haya mpaka leo, na nyinyi mnaonisoma mkinicheka nimestahili.

Nikasikia magurudumu yanashuka kilima. Mteremko nao una taabu yake kwa mwenye mkokoteni, lazima uuzuie kwa mwili wako usikukimbie.

*

Rufaa ikakataliwa kwa barua, na barua ikamtaka arudishe mali ya Serikali, kitambaa kimoja, kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata kwisha. Wakati huohuo Waziri alitoa takwimu. Kabla ya mageuzi, alisema, watu wanaohitaji unga walikuwa elfu arobaini. Sasa wamebaki mia tatu na kumi. Yaani karibu watu elfu arobaini wameuacha umaskini ndani ya miezi miwili tu! Nchi jirani zikaleta wajumbe wajifunze. Walifikia hotelini.

Ijumaa ile Bi Nyamizi alikuja mapema kabla ya foleni. Alikuwa hana mfuko wa nailoni. Kitambaa alikishika mkononi kimebanwa, na hakuwa amejitanda kanga, alikuwa amejifunga kipande cha shuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeleta kitambaa chenu." Akakitazama. "Nisamehe, mwanangu. Leo sikukifua. Maji yote yalikwenda kumwosha mzee."

Nikasimama. Sikujua nasimama kufanya nini.

"Uji uliisha Jumapili," akasema. "Majirani nao wamefutwa, ningemgongea nani? Jana kutwa tulikuwa makaburini. Kanga nimemfunika nayo, nikawa sina cha kujifutia isipokuwa hiki. Nilijua si changu. Lakini kilikuwa karibu." Akakiweka kwenye meza taratibu, kwa pembe mbili, kama mtu anayerudisha sahani aliyoivunja. "Mnisamehe sana."

Kabla sijafungua mdomo Bwana Mkwaju alikwisha kukichukua. Kanuni inataka kila kitambaa kinachorudi kipimwe. Mzani ukapanda, ukasita, ukatulia: gramu arobaini na saba. Nyusi zikamwinuka. Akatoa kijiti chake cha pamba, akagusa, akaonja, akafumba macho.

"Bwana Mkwaju," nikasema, "hilo si jasho. Hayo ni..."

"Unabishana na ulimi?" Akafumbua macho, uso wote unang'aa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeona furaha ya kweli ndani ya ofisi yetu. "La kazi! Kazi nzito, ya mwili mzima. Daraja la kwanza! Bibi, hongera. Umeona? Ulikuwa unaweza siku zote. Ulihitaji kusukumwa kidogo tu."

Akamrudishia kitambaa mkononi. Rufaa iliyokwisha kukataliwa ikapita palepale. Unga ukaletwa kutoka stoo, kilo sita, kwa kuwa kwenye kadi bado ilisomeka midomo miwili. Bi Nyamizi akautazama ule unga. Hakuugusa kwanza.

"Huu niliuomba wa uji," akasema. "Mmenipa wa matanga."

Bwana Mkwaju alikuwa ameshageukia foleni. Kwenye daftari langu ilibaki safu moja tupu: *Aina ya kazi iliyofanyika.* Daftari haliwezi kufungwa na safu tupu, hilo kila karani analijua. Nikamuuliza, Mungu anisamehe, nikamuuliza.

"Bibi, niandike kazi gani?"

"Andika nimezika," akasema, akajitwika unga wake.

Nikaandika. Mwisho wa mwezi nilimsikia Waziri redioni anasoma tija ya taifa sekta kwa sekta. Kilimo kimeshuka. Ujenzi umeshuka. "Lakini ndugu wananchi," akasema, "sekta ya kuzika imetushangaza. Gramu arobaini na saba kwa mtu mmoja! Nimeagiza wataalamu wakutane haraka tuone namna ya kuipanua."

*

Sasa udanganyifu wangu.

Ijumaa iliyofuata matanga akaja Bi Nyamizi na mfuko wake wa nailoni. Alikuwa amepungua, mabega yamekuwa kama ya mtoto. Akatoa kitambaa. Kimefuliwa, kimetiwa buluu, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne.

"Leo roho yangu imetulia," akaniambia. "Wiki ile niliwaaibisha."

Bwana Mkwaju alikuwa amempa mgongo, anambana mzee mmoja kwa jasho la pilipili. Nikakichukua kile kitambaa. Nikasema nimeangusha kalamu, nikainama chini ya meza, nikajifuta uso nacho. Nikajifuta shingo, nikajifuta macho, maana nayo yalikuwa yamelowa, nikajifuta tena uso. Nilikaa kule chini muda mrefu kuliko kalamu yoyote inavyotafutwa. Kisha nikainuka nikakiweka kwenye mzani. Gramu thelathini na moja.

Bwana Mkwaju akaja akaonja. "La kazi," akasema. "Mama huyu sasa ameizoea."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa naangusha kalamu. Kadi yake imeshasahihishwa, mdomo mmoja, kilo tatu. Anapokea unga wake, nami namrudishia kitambaa cha wiki ijayo, kimelowa chepechepe, na Ijumaa inayofuata ananiletea kimepigwa pasi. Sikumweleza kitu. Angekataa. Amelelewa yule.

Juzi akakipokea kwa ncha za vidole, akakitazama, akatazama madirisha yetu yote matano, na kile kiyoyozi kipya tulicholetewa, na sisi tuliokaa chini yake.

"Hivi nyinyi huku ndani mnafanya kazi gani ngumu hivi," akauliza, "kila wiki mnanirudishia kitambaa kimeloa?"

Nikavuta rula, nikaanza kupiga mistari. Akanionea huruma, akakitia kwenye mfuko wake akakifanyie usafi.

"Poleni na kazi, mwanangu," akasema.